Friji Iliyotaka Mfereji Wake

Auntie alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Friji imefika. Binti yake anayefanya kazi Dubai aliituma kwa kontena: milango miwili, rangi ya fedha, na kwenye mlango wa kushoto kuna mahali pa kusukuma glasi maji baridi yatoke. Ukibonyeza kando, barafu.

"Kuja uiunganishe na maji. Si wewe ni injinia?"

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na siku hizi naandika ndio nilipe rent. Lakini kwa Auntie, semista tatu za uhandisi zinatosha, na sikuwa na roho ya kumsahihisha.

Kwa karatasi kazi ni rahisi. Unatoa kijipaipu cha robo inchi kutoka kwa bomba la maji baridi, unaweka stopkoki mahali mkono unafika, halafu unakifunga kwa valvu ya umeme iliyo nyuma ya friji. Trei ya barafu ikiwa tupu, valvu inafunguka sekunde chache, inajaza, inajifunga. Mimi na plamba wa mtaa tulimaliza kwa saa moja. Auntie akasukuma glasi. Maji yalitoka kama machozi ya mtu anayejikaza.

Usiku ikawa mbaya zaidi. Asubuhi barafu ilikuwa donge moja kubwa na sakafu ilikuwa bwawa. Plamba alilaumu friji. Mimi nilisoma kile kitabu chake cha maelezo, na hapo ndipo semista zangu tatu zilipata kazi. Valvu ile hujifunga kwa kusaidiwa na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa kidogo, haikazi vizuri, inavuja. Kitabu kilitaka psi 20 kwenda juu. Maji ya Auntie hutoka kwa tangi lililo juu ya nyumba yake Umoja, mita nne hivi juu ya ile valvu. Mita 10 za maji ni kama psi 14. Piga hesabu: tulikuwa na psi 6 hivi. Ili friji iridhike, tangi lilipaswa kukaa mita 14 juu, yaani juu ya ghorofa la nne, na Auntie hana ghorofa.

Friji ya kwanza ya nyumbani iliyojitengenezea barafu ililetwa sokoni na kampuni ya Servel, ya Evansville, Indiana, mwaka wa 1953. Ilizaliwa mahali ambapo maji hukaa kwa bomba usiku na mchana yakisukuma. Walioiunda hawakuwa na sababu ya kujiuliza kama maji yatakuja Alhamisi.

Sisi tunajiuliza. Na inachekesha, kwa sababu mji huu ulipewa jina na maji baridi: Enkare Nairobi, Wamaasai walivyopaita. Reli ilifika hapa 1899, na mji ukamea kando ya maji hayo. Kisha mabomba yakaanza kuchagua. Mwaka wa 1913 daktari mmoja Mwingereza, Profesa Simpson, aliletwa kuchunguza afya ya miji, na akapendekeza watu watenganishwe makao kwa rangi. Upande wa wazungu maji yaliingia hadi jikoni na bafuni. Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika, watu walishiriki mifereji ya nje.

Auntie alizaliwa Pumwani, karibu na uhuru. Bendera ilibadilika, foleni ya mtungi ikabaki. Anasema alikuwa anaamshwa kabla ya adhana ya alfajiri apange mtungi wa mamake, na ukiondoka kidogo unapata umesukumwa nyuma. Kidole chake kimoja kimepinda tangu siku hizo. Sikuwahi kuuliza kwa nini hadi juzi, tukipangusa sakafu.

Serikali zimejenga, tusiseme uongo. Sasumua 1956. Ndakaini, kule Murang'a, 1994. Lakini watu waliongezeka haraka kuliko mabwawa, na tangu Januari 2017 tunaishi na ratiba ya mgao. Siku mtaa wa Auntie haumo kwa ratiba, ananunua maji ya kisima, na maji mengi ya visima vya Nairobi yana floraidi nyingi. Chujio la kaboni la friji hutoa harufu ya klorini vizuri tu, floraidi inapita. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia kama mtu aliyeleta habari ya msiba kwa harusi.

Mwishowe tulinunua pampu ndogo. Inanguruma kila mtu akitaka glasi ya maji, na stima ikipotea yote yanasimama. Lakini valvu sasa inakaza, na usiku wa kwanza barafu ilianguka kwa trei kwa kishindo, Auntie akaniamsha akidhani ni mwizi.

Kitabu kinasema umwage barafu ya kwanza kwa sababu paipu ni mpya. Nilimsomea hiyo sentensi. Akachukua beseni, akaikusanya yote, na kufikia saa nne ilikuwa imeyeyuka. Akadekia nayo veranda.