Bao la Kiswahili: Ubunifu Usio na Mbunifu Mmoja

1. Utangulizi

Mchezo wowote wenye kanuni ni kazi ya akili. Kabla ya wachezaji wawili kukabiliana, sharti pawe na mtu au watu walioamua uwanja uwe na ukubwa gani, vifaa viwe vingapi, zamu ipite vipi, na ushindi utambulikane kwa alama ipi. Kwa michezo mingi iliyobuniwa katika karne ya 20, jina la mbunifu hujulikana na huandikwa. Kwa michezo ya Afrika jina hilo halipo. Kutokana na kukosekana kwake, waandishi wengi wamezoea kuiita michezo hiyo "ya jadi" na kuishia hapo, kana kwamba iliota yenyewe kama majani baada ya mvua.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba bao la Kiswahili lilibuniwa, kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa halikubuniwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Ushahidi unatafutwa mahali patatu: katika kulinganisha bao na michezo iliyo ndugu zake, katika kanuni zake zenyewe, na katika istilahi za wachezaji. Suala hili si la sifa tupu. Kinachoitwa jadi huhifadhiwa kama pambo. Kinachotambuliwa kuwa ni fikra hufundishwa, hujadiliwa na kuendelezwa.

2. Ukoo wa mchezo

Wataalamu huuita ukoo wa michezo hii mankala, jina linalotokana na kitenzi cha Kiarabu naqala, yaani kuhamisha. Tendo la msingi ni moja kila mahali: mchezaji huchota kete zote za kishimo kimoja na kuzipanda mojamoja katika vishimo vinavyofuata. H. J. R. Murray, katika historia yake ya michezo ya ubao iliyotoka mwaka 1952, aliipanga michezo hii kwa idadi ya safu za vishimo. Mbao za safu mbili zinapatikana Afrika ya Magharibi na katika nchi nyingi za Asia. Za safu tatu ziko Ethiopia na majirani zake. Za safu nne ni za Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Bao ni la kundi hili la tatu, pamoja na michezo mingi ya Kibantu.

Majina yanathibitisha undugu huo. Waluba wa Kongo husema kisolo, Wanyarwanda igisoro, Wasukuma isolo. Zambia kuna nsolo, na Washona wa Zimbabwe wana tsoro. Viambishi vikiondolewa, mzizi mmoja unajitokeza. Tofauti ya l na r ni ya kawaida katika lugha hizi, na ki- ya Kiluba inalingana na -gi- ya Kinyarwanda, kwa kuwa katika lugha hiyo k hugeuka g inapofuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo na ghuna. Mzizi ulioenea namna hii haukopwi na kila kabila peke yake. Ni urithi uliosafiri pamoja na kitu chenyewe. Waswahili, kwa upande wao, waliuita mchezo kwa jina la kifaa: bao, yaani ubao mkubwa. Jina hilo lilifika hata Malawi, ambako mchezo huitwa bawo.

Bao lilikuwa limekomaa lini? Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, ameacha shairi linalotumia lugha ya bao, na mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alilichambua mwaka 2003 kama chanzo cha historia ya mchezo huo. Mshairi hatumii istilahi za mchezo kama fumbo isipokuwa wasikilizaji wake wamekwisha kuzizoea. Basi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 bao lilikuwa sehemu ya maisha ya mji. Karibu miaka 100 baadaye, W. H. Ingrams alilieleza katika kitabu chake juu ya Unguja, kilichochapishwa mwaka 1931.

3. Kanuni kama majibu

Bao lina safu 4 za vishimo 8, jumla vishimo 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake na kete 32. Ukiziangalia kanuni moja baada ya nyingine, utaona kwamba kila moja inajibu tatizo fulani ambalo mtu yeyote anayebuni mchezo hana budi kulikabili.

Tatizo la kwanza ni la mwanzo. Ikiwa kete zote zimekwisha kupangwa ubaoni kwa namna ileile kila siku, mwenye kumbukumbu nzuri atazikariri hatua za awali, na mchezo utakuwa umeamuliwa kabla haujachezwa. Omweso wa Uganda, ulio pia na vishimo 32 na kete 64, unajibu kwa uhuru: kila mchezaji hupanga kete zake apendavyo kabla ya hatua ya kwanza. Bao linajibu kwa njia nyingine. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika kishimo kiitwacho nyumba, na 2 katika kila kimoja cha vishimo viwili vya jirani. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi na kuingizwa mojamoja, moja kwa kila zamu. Awamu hii ndiyo namua. Zikiisha za mkononi huanza awamu ya pili, mtaji, ambamo hutumika zile tu zilizomo ubaoni. Kwa hiyo mchezo hukua polepole, na kila kete inayoingia inadai uamuzi mpya.

Tatizo la pili ni la kufilisika. Katika michezo mingi ya safu mbili, kete zilizoliwa hutoka mchezoni na kuwekwa akibani; ubao hupungukiwa, na aliyetangulia kupoteza huzidi kudhoofika. Katika bao, kete zilizoliwa hupandwa tena upande wa aliyekula. Zikiisha kuingia zote, kete 64 hazipungui mpaka mwisho. Aliyebaki na chache anaweza, kwa zamu moja nzuri, kurudisha hali yake. Hata hivyo wabunifu hawakuruhusu woga uwe ngao. Kete zinazoliwa ni za safu ya mbele tu, hivyo mtu angeweza kuzificha zake zote nyuma. Kanuni ya ushindi inaifunga njia hiyo: ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa.

Tatizo la tatu ni la kupima lazima na hiari. Mchezo ambao kila kitu ni lazima hauna mchezaji. Ambao kila kitu ni hiari hauna umbo. Katika bao kula ni lazima kunapowezekana. Ukila katika vishimo viwili vya mwisho vya upande wowote, sharti uanze kupanda kutoka kichwa kilicho karibu. Ukila katikati, unachagua upande. Tena, katika namua, kete ya mwisho ya mwenye kula ikiangukia katika nyumba yake isiyobomolewa, anachagua ama kulala, zamu iishe, ama kuivunja nyumba na kuendelea na safari. Hiari ni chache, lakini zimewekwa pale zinapouma. Anayevunja nyumba anatumia akiba aliyoijenga tangu mwanzo. Anayeilinda huenda akapitwa na nafasi.

Lipo pia tatizo la nne, ambalo wabunifu wa siku hizi hulishughulikia kwa vijitabu vya maelezo: mgeni ataingiaje? Waswahili wanalo bao la kujifunza, ambalo kete 2 huwekwa katika kila kishimo, na mchezo huanza moja kwa moja na mtaji, bila namua. Mwanafunzi huzoea kwanza kupanda na kula. Ugumu wa namua unamsubiri. Jina lenyewe linatangaza kwamba ngazi hii iliwekwa kwa makusudi.

4. Mbunifu mwenye jina

Ni vyema kulinganisha na mchezo wa ukoo huohuo ambao mbunifu wake anajulikana. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion, baada ya kusoma habari za mankala, alitunga mchezo wa safu mbili za vishimo 6, akauita Kalah. Baadaye aliuuza kibiashara. Kanuni zake ni chache na wazi, na watoto wengi wa Marekani waliujua ukoo wa mankala kwa njia hiyo. Lakini mwaka 2000 watafiti Irving, Donkers na Uiterwijk walithibitisha kwa kompyuta kwamba, katika Kalah ya kawaida ya kete 4 kwa kila kishimo, anayeanza akicheza bila kosa hushinda daima. Miaka 2 baadaye, mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliupima kwa njia kama hiyo mchezo wa Afrika ya Magharibi unaojulikana kwa Kifaransa kama awalé. Baada ya kupitia hali 889,063,398,406 za ubao, walikuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Yaani mchezo usio na mbunifu anayejulikana ulikuwa na mizani iliyo sawa kuliko ule uliotungwa na mtu mmoja.

Ulinganisho huu hautoshi kutunga sheria ya jumla, lakini unafikirisha. Mbunifu mmoja hujaribu mchezo wake kwa miezi, pengine kwa miaka, pamoja na marafiki wachache. Mchezo wa baraza hujaribiwa na vizazi. Kila jioni ni jaribio. Kila ugomvi kuhusu zamu ni swali lililoulizwa kwa kanuni. Kila mapatano ya wazee ni marekebisho. Kanuni isiyopendeza huachwa bila azimio lolote, na inayopendeza huenea bila tangazo. Huo nao ni utaratibu wa ubunifu, wenye hatua zilezile za kutunga, kujaribu na kusahihisha. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeweka sahihi.

5. Istilahi kama kumbukumbu

Pasipo maandishi, kanuni hukaa katika maneno. Istilahi za bao hazikukopwa kutoka mbali. Zimechukuliwa katika maisha ya kila siku: nyumba, kichwa, kulala, safari, mtaji. Ni msamiati wa mtu wa pwani mwenye makazi, biashara na mwendo. Kila neno linabeba kanuni yake. Anayejua kwamba nyumba ni mahali pa akiba, na kwamba safari huanza kwa kuiacha nyumba, amekwisha kuelewa uamuzi ulio mgumu kuliko yote katika mchezo. Mtaji, kwa mfanyabiashara, ni mali inayotumika kuzaa mali. Ubaoni ni awamu ambayo hakuna tena cha kuongeza kutoka mkononi, na aliye nacho hana budi kukizalisha.

Vitenzi navyo vinastahili kuangaliwa. Namua ni wa kundi la vitenzi vya kutendua, kama fungua na zibua: kitu kilichoshikamana kinaachanishwa. Takata ni kitenzi cha hali, kisicho na shamirisho, na katika bao hutumika kwa hatua ambayo mchezaji hupanda kete zake bila kula chochote. Kula, kinyume chake, hudai shamirisho. Sarufi na mchezo vinakubaliana: penye shamirisho pana kinacholiwa, pasipo nayo hapana. Aliyezichagua istilahi hizi, awe nani, alikuwa na sikio la lugha.

6. Hitimisho

De Voogt alipotoa utafiti wake juu ya umahiri wa bao huko Leiden mwaka 1995, mabingwa wa Unguja ndio waliokuwa walimu wake. Kwa upande wa nchi hizi, Philip Townshend alichapisha Brussels mwaka 1977 uchunguzi wa michezo ya mankala ya Zaïre ya wakati ule, Rwanda na Burundi, kwa Kifaransa. Kazi hiyo ni ya thamani, lakini kanuni zilizotafsiriwa zimekwisha kupoteza nusu ya mwili wake, maana istilahi ndizo zilizozibeba.

Ubao bila kanuni ni gogo lenye matundu. Jumba la makumbusho laweza kulihifadhi gogo hilo kwa miaka mia, lakini haliwezi kumrudisha mzee aliyejua ni lini nyumba huvunjwa. Kwa hiyo kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kongo ni ya kawaida na ya haraka: kukaa na wachezaji wa kisolo na wa bao, kuandika kanuni kwa maneno ya wachezaji wenyewe, pamoja na vighairi na mabishano yao, na kutaja kila kanuni inachezwa wapi. Mabishano yasifutwe kwa ajili ya unadhifu wa ripoti; humo ndimo mchezo ungali unabuniwa.