Kwa Nini Walichagua Tiba ya Kazi

Mwaka uliopita alinijia msichana mmoja wa Kidato cha Nne, mkononi ana karatasi ya maombi ya chuo. Alitaka kusomea tiba ya kazi, na palipoulizwa sababu alikuwa ameandika maneno manne tu: "Napenda kuwasaidia watu wote." Nilimwambia kwamba jibu hilo hata mchuuzi wa maji angeweza kulitoa, na asiwe mwongo. Akanitazama, kisha akauliza kwa adabu, "Je, Mwalimu, wale walioianza kazi hii walikuwa na sababu gani?" Sikuwa na jibu siku ile. Katika chuo cha ualimu twawafundisha wengine kuuliza maswali, lakini si kila swali twaweza kulijibu papo hapo. Nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tiba ya kazi si dawa ya kunywa wala sindano. Ni ufundi wa kumrudishia mtu aliyeumia au aliyeugua uwezo wa kutenda mambo yake ya kila siku: kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko, kuandika, kupika, kulima. Kazi yenyewe ndiyo dawa, na mgonjwa hujitibu kwa kuitenda.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 1790 mwanamke mmoja wa madhehebu ya Waquaker alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini York, Uingereza, na wenzake walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kumwona. Mfanyabiashara wa chai, William Tuke, aliona uchungu wa jambo hilo, na mwaka 1796 nyumba aliyoianzisha ikafungua milango, ambamo wagonjwa walitendewa kwa upole na kupewa kazi za mikono na za bustani. Lakini Tuke hakuacha nyuma yake taaluma yenye jina. Jina lilikuja baadaye sana, na mmoja wa watu waliolileta alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Mtu huyo ni George Edward Barton, aliyezaliwa mwaka 1871 huko Massachusetts, Marekani. Alikuwa msanifu wa majumba, na kazi yake ilimpendeza. Mwaka 1901 alishikwa na kifua kikuu, maradhi ambayo siku zile hayakuwa na dawa. Akahamia magharibi, Colorado, kutafuta hewa kavu. Mwaka 1912 baridi kali ya theluji iliudhuru mguu wake wa kushoto hata sehemu yake ikakatwa, na baada ya kupasuliwa, upande wote wa kushoto wa mwili wake ukapooza. Fikirini, wasomaji wangu: mtu aliyeishi kwa kalamu na rula, sasa hawezi kusimama mbele ya meza yake.

Alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa huko Clifton Springs, jimbo la New York. Huko kasisi mmoja, Elwood Worcester, alizungumza naye juu ya mambo ambayo bado angeweza kuyafanya. Barton akaanza kusoma vitabu vya utabibu. Kisha akanunua nyumba, na mwaka 1914 akaifungua kwa jina la Consolation House, maana yake Nyumba ya Faraja. Mgonjwa wa kwanza humo alikuwa yeye mwenyewe. Alilima bustani, akashika zana za useremala, akaulazimisha mkono wake wa kushoto kutenda hata ukaanza kutii.

Tarehe 15 Machi 1917 watu sita walikutana katika nyumba hiyo, wakaanzisha chama cha kuendeleza tiba ya kazi, na Barton akawa rais wake wa kwanza. Majuma matatu baadaye Marekani iliingia katika Vita Kuu, na askari waliorudi na viungo vilivyoharibika wakawa na haja ya mafundi wa namna hii. Barton alifariki mwaka 1923. Mmoja wa wale sita, Eleanor Clarke Slagle, alikuwa ametikiswa na jambo jingine kabisa: alikuwa ameona wagonjwa wa akili katika hospitali ya Illinois wakikaa kutwa bila la kufanya, na mwaka 1911 akajiandikisha katika masomo mjini Chicago.

Uvivu huo wa kulazimishwa ndio uliomsumbua pia Elizabeth Casson wa Uingereza. Alisimamia kwanza nyumba za maskini mjini London, na alikuwa na miaka zaidi ya thelathini alipoanza kusomea udaktari. Alikuwa amezoea kuona wagonjwa wa akili wamekaa kimya wakitazama kuta. Asubuhi moja, karibu na Krismasi, aliingia wodini akawakuta wamechangamka, wanatengeneza mapambo. Hakuisahau asubuhi hiyo. Mwaka 1930 alifungua mjini Bristol shule ya kwanza ya Uingereza ya kufundisha tiba ya kazi.

Niliposoma habari hizi nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alipopatwa na kiharusi tulimlisha, tulimvika, tulimfunga viatu. Hatukumwachia hata kikombe, na majirani walitusifu sana. Mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu kidogo bado. Kwa mapenzi yetu tuliuachisha kazi, nao ukakauka. Hapakuwa na mtu wa kutuambia, "Mwacheni ajaribu."

Msichana yule aliporudi nilimsimulia yote, pamoja na habari ya baba. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba kifutio. Aliyafuta maneno yake manne, akaandika habari za bibi yake, aliyeungua mikono kwa mafuta ya taa, na ambaye kila jioni hukitoa kiondo alichokiacha nusu, akakipakata, akakirudisha ndani bila kukisuka. Nafasi iliyoachwa katika karatasi haikumtosha. Ilimbidi ageuze upande wa pili.