Pesa za Isli: Riziki Isiyopitia Benki

Aprili 7, 2015, siku tano baada ya magaidi wa al-Shabaab kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma na kubadilisha pesa. Nyingi zilikuwa za Wasomali, na nyingi zilikuwa na ofisi Eastleigh, mtaa ambao wakazi wa Nairobi huuita Isli. Nchi nzima ilikuwa matangani, Isli ikiwemo. Hata hivyo agizo lile lilimwangukia mtu ambaye hakuwa na lolote la kufanya na Garissa: mkimbizi aliyekuwa akingoja kodi ya nyumba na karo kutoka kwa nduguye aliyeko Minneapolis au London. Benki haikumjua mkimbizi huyo. Waliomjua walikuwa wenye hawala, yaani kampuni hizo za kutuma pesa, na sasa milango yao ilikuwa imefungwa.

Hali hiyo ilianza kujengeka 1991. Januari mwaka huo utawala wa Siad Barre ulianguka Mogadishu, na Mei ule wa Mengistu Haile Mariam ukaanguka Addis Ababa. Watu walimiminika Kenya kwa maelfu. Serikali iliwaelekeza kwenye kambi za Dadaab na Kakuma, lakini wengi walifika Isli, mtaa uliokuwa na familia za Wasomali na Wahindi tangu enzi za ukoloni. Aliyeishi mjini bila idhini ya kutoka kambini hakuwa na la kuonyesha benki. Pale kaunta aliulizwa pasipoti, akaulizwa kibali cha kazi, maswali yakaishia hapo.

Wasomali, hata hivyo, walikuja na utaratibu wao. Miaka ya 1970 vibarua wao walioko nchi za Ghuba walimkabidhi mfanyabiashara riyali zao, naye akanunua bidhaa, akazisafirisha na kuziuza nyumbani, kisha akazilipa familia zao kutokana na mauzo. Mohamed Said Duale alianzisha Dahabshiil kwa njia hiyo mjini Burao mwaka 1970. Utaratibu huo ulipofika Isli ulikuta pa kuota. Vyumba vya gesti iitwayo Garissa Lodge viligeuzwa maduka: usiku watu walilala humo, mchana nguo na vifaa vya elektroniki kutoka Dubai viliuzwa juu ya vitanda vile vile. Mwenye duka alihitaji dola Dubai ili aagize mzigo, na mkimbizi alihitaji shilingi Nairobi ili ale. Hawala iliwakutanisha. Dola iliyolipwa Ulaya au Marekani ilikwenda kulipia mzigo, nayo shilingi iliyotokana na mzigo uliouzwa ikamfikia mpokeaji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maghorofa ya biashara tunayoyaona Isli leo hayawezi kutenganishwa na pesa za matumizi za wakimbizi.

Ujumbe wa malipo ulipitia redio za mawimbi mafupi, Wasomali wakiziita taar, baadaye simu na faksi. Utambulisho ulikuwa wa watu. Ajenti alikuuliza jina lako, la baba, la babu, na ukoo wako, na akiwa na shaka alitaka mtu anayekufahamu asimame kukudhamini. Ulinzi huo ulikuwa wa kweli, kwa sababu ajenti aliyedhulumu alipoteza jina lake kwa ukoo mzima. Kando ya hawala wanawake wa Kisomali walikuwa na ayuuto, na Waethiopia walikuwa na ekub, michezo ya kuchangiana kwa zamu ambayo jirani yao wa Pumwani angeiita chama bila kusita.

Pigo la kwanza lilitoka mbali. Novemba 2001 Marekani ilifunga ofisi na kuzuia mali za al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za hawala ya Wasomali wakati huo, kwa madai ya kuufadhili ugaidi. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa niaba ya tume ya Septemba 11 ulieleza kwamba madai hayo hayakuweza kuthibitishwa. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza nayo ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za aina hiyo, na Novemba mwaka huo Dahabshiil ilipata amri ya muda ya mahakama ya London kuizuia.

Kukosa benki kuliumiza hata pale pesa ilipofika salama. Noti zilikaa mfukoni au chini ya godoro, na polisi walilijua hilo. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 ilieleza jinsi wakimbizi wa Isli walivyopigwa na kulazimishwa kutoa pesa katika misako iliyofuata amri ya Desemba 2012 ya kuwarudisha kambini. Mahakama Kuu ilibatilisha amri hiyo Julai 2013. Aprili mwaka uliofuata ukaja msako mwingine, Operesheni Usalama Watch, na maelfu wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwenye akaunti angeacha pesa zake benki. Hawa walizibeba mwilini, wakaporwa.

Wengi walidhani M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ingelimaliza jambo hilo, na kwa mwenye kitambulisho ililimaliza kweli. Lakini laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti au kitambulisho cha mgeni. Asiye na kimojawapo aliomba laini ya rafiki Mkenya na kuweka akiba yake katika jina la mwingine. Mwenye jina akigeuka, au laini ikipotea, hakuna dai atakalopeleka popote.

Kampuni zilizosimamishwa 2015 ziliruhusiwa tena mwezi Juni, kwa masharti makali zaidi. Benki Kuu ilikuwa tayari imetunga kanuni za kampuni za kutuma pesa mwaka 2013, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya haki tangu mwanzo: msajili ajenti, mkague, mwadhibu anayekosa, bila kuwafungia riziki wateja wote. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imepiga hatua nyingine kwa kuwatambulia wakimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Kisha Februari 2024 Kenya ikarudishwa katika orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kuhusu utakatishaji wa fedha, jambo linalozisukuma benki kudai nyaraka zaidi.

Teknolojia imekwenda mbele kuliko nyaraka. Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, alianzisha WorldRemit mjini London mwaka 2010, na leo mtu aliyeko Ulaya hutuma pesa kutoka kwenye simu yake hadi M-Pesa ya nduguye Isli kwa muda mfupi tu. Pesa hizo huingia kwenye laini iliyosajiliwa. Mkimbizi ambaye kitambulisho chake kimeisha muda na kipya hakijatoka bado huzipokea kwa jina la rafiki, na siku laini ile ikifungwa, ni rafiki huyo tu anayeweza kwenda kuirejesha.