Elimu mbili za Wahindu wa jadi

Elimu ya jadi ya Wahindu huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa moja. Zilikuwa angalau mbili, na ile inayoheshimiwa ulimwenguni siyo iliyowafikia watu wengi.

Ya kwanza ni elimu ya Veda. Rigveda, yenye tenzi 1028, ilitungwa karne nyingi kabla ya maandishi kuenea nchini India, ikahifadhiwa kwa kinywa. Mvulana wa Kibrahmani alivishwa uzi mtakatifu akiwa na umri wa miaka 8 hivi, akaenda kuishi kwa mwalimu wake na kumtumikia. Kukariri tu hakukutosha. Alifundishwa kuutamka mstari neno moja moja. Kisha mawili mawili, la kwanza na la pili, la pili na la tatu. Hatimaye kwa mpangilio uitwao ghana, ambamo maneno huenda mbele na kurudi nyuma. Hivyo kosa la sauti moja lilijifichua lenyewe. Ni nadra kwa maktaba kupata walinzi wakali kiasi hicho. Ila ukali huo ulikuwapo mlangoni pia: vitabu vya sheria viliwakataza watu wa tabaka la Shudra hata kuisikiliza Veda, na wanawake nao, baada ya muda, wakawekwa kando.

Ya pili ni elimu ya shule za vijijini, ambako watoto walichora herufi mchangani kwa kidole, wakajifunza kusoma, kuandika na kufanya hesabu. Mwaka 1822 Thomas Munro, gavana wa Madras, aliwaagiza wakusanyaji kodi wazihesabu. Taarifa yake ya 1826 ilitaja shule 12.498 na wanafunzi 188.650, katika wakazi wapatao milioni 12,85. Wasichana walikuwa wachache mno. Lakini katika wilaya za Kitamil wengi wa wavulana walikuwa Washudra, jambo ambalo wasimulizi wa elimu ya Kibrahmani hulipita kimya. Hata Uingereza iliazima kwao: Andrew Bell, aliyeishi Madras, aliona namna hiyo ya kuandika mchangani, akaieneza kwao kuanzia 1797.

Kilichoziua shule hizo ni ufukara. Mwaka 1823 mkusanyaji kodi wa Bellary aliandika kwamba wazazi wengi hawakumudu tena ada, kwa kuwa nguo za viwanda vya Ulaya zilikuwa zimewanyang'anya wafumaji kazi. Macaulay alipoitetea lugha ya Kiingereza mwaka 1835, ubishi ulihusu hasa fedha zilizotolewa kwa Kisanskriti na Kiarabu. Mwalimu wa kijiji hakuwa na wa kumsemea.

Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza ukariri wa Veda kuwa urithi wa wanadamu, ikieleza kwamba kati ya matawi yake zaidi ya elfu moja ya zamani yamebaki 13. Shule za mchangani hazikutangazwa na yeyote. Habari zake zimo katika majedwali ya wakusanyaji kodi.