Ijue Lüchow-Dannenberg: wilaya ndogo ya Ujerumani iliyokataa kuzikiwa taka za nyuklia

Ukitaja Ujerumani wengi wetu tunawaza Berlin, magari na Bayern Munich basi. Leo twende shamba kabisa, kwenye wilaya ambayo hata Wajerumani wenyewe wengine wasingeijua kama siyo ule mgogoro wake mkubwa. Inaitwa Lüchow-Dannenberg, na wenyeji wanapaita Wendland.

IKO WAPI?

Ipo kaskazini mwa nchi, pembe ya mashariki ya jimbo la Niedersachsen, kati ya Hamburg na Berlin. Wao wilaya kama hii wanaiita Landkreis, na mkuu wake hateuliwi kutoka juu, anapigiwa kura na wananchi. Makao makuu ni mji wa Lüchow. Ukubwa ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 1,200, lakini watu hawafiki 50,000. Ndiyo Landkreis yenye watu wachache kuliko zote Ujerumani. Ina miji mitano tu: Lüchow, Dannenberg, Hitzacker, Wustrow na Schnackenburg, tena huo wa mwisho ukiuona utasema ni kijiji. Zile barabara kuu zao maarufu za autobahn hakuna hata moja inayopita humo.

Upande wa kaskazini mashariki unapita mto Elbe. Mto mdogo wa Jeetzel unatoka kusini, unapita Wustrow, Lüchow na Dannenberg, halafu unaingia Elbe pale Hitzacker. Magharibi kuna vilima vya Drawehn na msitu wa Göhrde. Watu wanalima viazi, nafaka na kufuga.

Hitzacker mji wake wa kale uko kwenye kisiwa, sasa fikiria mto ukijaa. Mwaka 2002 maji yaliingia mpaka majumbani, na 2006 yakarudi tena. Ukuta wa kuzuia mafuriko ulikamilika 2008, na mafuriko makubwa ya 2013 yalipokuja mji ukapona.

WENDI NI NANI?

Jina Wendland maana yake ni nchi ya Wawendi. Hawa walikuwa Waslavi, ndugu wa Wapoland na Wacheki, ambao walikaa huko kabla ya watawala wa Kijerumani kuishika nchi yote. Alama zao zipo mpaka leo. Majina ya vijiji yanaishia na -ow na -itz, na jina Wustrow linatokana na neno la Kislavi la kisiwa. Vijiji vyenyewe vimejengwa kwa duara: nyumba zimepangwa kuzunguka uwanja, zote zinatazama katikati, na njia ya kuingilia ni moja tu. Vilianza karne ya 12. Ukitaka kuona mfano, Lübeln na Satemin ni maarufu, na pale Lübeln kuna makumbusho yake.

Lugha yao ndiyo imekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 mchungaji wa Wustrow, Christian Hennig, aliandika msamiati wake kwa kuona inapotea. Miaka hiyo hiyo mkulima mmoja wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, naye aliandika habari za kijiji chake, akasema wazi kwamba yeye na wachache waliobaki wakishaondoka, hakuna atakayejua hata mbwa anaitwaje kwa lugha yao. Na kweli. Mtu wa mwisho kutajwa kuwa aliijua vizuri ni bibi mmoja aliyefariki mwaka 1756.

KUWA PEMBEZONI

Eneo hili lilikuwa chini ya watawala wa Lüneburg, baadaye Hannover, na mwaka 1866 likachukuliwa na Prussia. Wilaya mbili za Lüchow na Dannenberg ziliunganishwa 1932. Vita vya pili vilipokaribia kuisha, Aprili 1945, ndege zilibomoa daraja la reli la kwenda Dömitz ng'ambo ya Elbe. Daraja hilo halijajengwa tena mpaka leo.

Kisha Ujerumani ikagawanywa. Wilaya hii ilibaki upande wa magharibi, lakini pande zake tatu zikawa zimezungukwa na Ujerumani Mashariki. Yaani ukienda mashariki unakuta uzio, ukienda kaskazini unakuta mto wenye boti za doria. Biashara na ndugu wa ng'ambo vyote vikakatika. Mpaka ulifunguliwa 1989, na daraja la barabara la Dömitz likafunguliwa upya 1992.

GORLEBEN

Hapa ndipo jina la wilaya lilipojulikana. Tarehe 22 Februari 1977 waziri mkuu wa jimbo, Ernst Albrecht, alitangaza kwamba kijiji cha Gorleben kitajengewa kituo kikubwa cha taka za nyuklia: kiwanda cha kuzichakata na mahali pa kuzizika kwenye mwamba wa chumvi chini ya ardhi. Wakubwa walisema chumvi ile inafaa. Wananchi wakasema hapana, tumechaguliwa kwa sababu tuko wachache, tuko mpakani, na mlidhani hatutasema kitu.

Wakasema! Andreas Graf von Bernstorff, mwenye msitu mkubwa pale, aligoma kuuza ardhi yake. Machi 1979 wakulima waliondoka na matrekta mpaka Hannover, wakapokelewa na umati wa watu kama 100,000. Siku chache kabla hawajafika ikatokea ajali ya kinu cha Three Mile Island kule Marekani, hofu ikazidi. Mwezi Mei Albrecht mwenyewe akakubali kwamba kiwanda cha kuchakata kisiasa hakiwezekani.

Lakini uchunguzi wa chumvi uliendelea. Mei 1980 waandamanaji walijenga kijiji cha mbao kwenye eneo la kuchimba, wakakiita Jamhuri Huru ya Wendland, wakatoa na pasipoti zao. Polisi walikivunja Juni 4. Kuanzia 1995 mpaka 2011 ilikuja misafara 13 ya makontena ya taka kwenye ghala la juu ya ardhi. Kila msafara watu walikaa kwenye reli, wakulima wakaziba barabara kwa matrekta. Ule wa Novemba 2011 ulichukua zaidi ya siku tano kutoka Ufaransa. Alama yao, X ya mbao ya rangi ya njano, bado imesimama kwenye mashamba mengi.

HALI YA SASA

Septemba 2020 taasisi ya serikali inayotafuta mahali pa kuzika taka ilitoa orodha ya maeneo yanayofaa kuchunguzwa. Gorleben haimo. Na sababu iliyotolewa ni ya kijiolojia, siyo maandamano: miamba iliyo juu ya chumvi haikingi vya kutosha. Kumbe wale wakulima walivyokuwa wanatilia shaka hawakuwa wajinga! Mwaka 2021 ikaamuliwa mgodi ufungwe.

Msidhani yameisha lakini. Makontena 113 bado yapo kwenye ghala pale Gorleben, kibali cha kuyahifadhi kinaisha 2034, na mahali pa kuyazika hapajapatikana. Waliogoma wakiwa vijana mwaka 1977 sasa ni mababu, na taka ziko palepale zinawasubiri wajukuu.

Haya wadau, mngekuwa nyie mngezikubali kwa ahadi ya ajira, au mngetoka na matrekta? Toeni maoni hapo chini, matusi hapana.