Kedi na Mchezaji wa Kulipwa: Tofauti Iko Wapi?

Katika viwanja vya gofu vya Pwani, kuanzia Mombasa na Nyali hadi Vipingo, Malindi na Diani, wako vijana wetu wengi wanaopata riziki kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Hao ndio makedi. Mabishano juu yao hayaishi. Wako wasemao kwamba kedi hodari akipewa fimbo atamshinda hata mchezaji wa kulipwa. Wengine husema kedi ni mchukuzi tu, mchezo wenyewe haujui. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kedi anajua nini?

Kubeba mfuko ni sehemu ndogo ya kazi. Kanuni za gofu humruhusu mchezaji kwenda na fimbo 14, na kila moja ina masafa yake. Kedi hupima umbali uliobaki, huangalia upepo, husoma mteremko wa nyasi fupi zilizo karibu na shimo, kisha hushauri fimbo ipi itumike. Kanuni pia humruhusu mchezaji kuomba shauri kwa kedi wake, jambo ambalo haruhusiwi kumwomba mpinzani.

Kwa upande huu kedi wa nyumbani humzidi mgeni, hata awe bingwa. Mchezaji aliyezoea Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa takribani mita 1,700, hukuta huku kwetu mpira hauendi mbali kama alivyozoea, kwa sababu hewa ya Pwani ni nzito zaidi. Ongeza na upepo. Shimo linalofikika kwa fimbo fupi wakati wa kaskazi huenda likataka fimbo ndefu kusi inapovuma usoni. Mambo hayo kedi anayajua bila kushika kitabu.

Lakini kujua njia si kuiendesha safari. Rubani wa bandari ndiye aijuaye njia ya kuingilia Kilindini na miamba yake, na nahodha humsikiliza. Hata hivyo aliyeileta meli kutoka Mumbai ni nahodha.

Hesabu ya mikwaju

Kipimo cha kulinganisha wachezaji wa gofu ni hendikapu. Uwanja wa mashimo 18 aghalabu una kiwango cha mikwaju 72. Kwa maelezo mepesi, mwenye hendikapu 10 hutarajiwa kuzidisha mikwaju kama 10 juu ya kiwango anapocheza vizuri, na mwenye hendikapu sufuri hutarajiwa kufikia kiwango. Wachezaji wa kulipwa wa ngazi ya juu wako bora kuliko sufuri, yaani hutarajiwa kumaliza chini ya kiwango.

Kedi hodari aliyekulia uwanjani anaweza kukikaribia kiwango. Chukua mfano wa kedi anayepiga 74 na mchezaji wa kulipwa anayepiga 69. Tofauti ni mikwaju mitano, sawa na mkwaju mmoja katika kila mashimo matatu na nusu hivi. Mtazamaji aliye kando anaweza asiione.

Sasa zidisha. Mashindano makubwa huchezwa siku nne. Baada ya siku mbili huwa na mchujo, na karibu nusu ya washiriki hufungasha virago. Kedi wetu atakuwa nyuma kwa mikwaju 10 na safari yake imeishia hapo. Hata angeruhusiwa kuendelea, angemaliza nyuma kwa mikwaju 20. Ndiyo maana watu hudanganyika wakitazama mchezo wa jioni moja. Kedi anaweza kumshinda mchezaji wa kulipwa siku moja. Kazi ni kumshinda siku nne mfululizo, katika uwanja asioujua, huku pesa ya kulisha nyumba yake ikitegemea mkwaju wa mwisho.

Kuna na nguvu. Wachezaji wa ziara kuu ya Marekani hupiga mpira wa kwanza wastani wa karibu yadi 300. Hata kwenye masafa mafupi pana somo: mpira ukiwa futi 8 kutoka shimoni, yaani hatua tatu hivi, wachezaji hao hutumbukiza karibu nusu tu ya mipira yao. Kedi anaweza kusoma mteremko sawasawa kabisa, lakini mpira hautaingia kwa kusomwa. Unataka mkono uliorudia pigo lile lile mara maelfu.

Lance Ten Broeck wa Marekani aliwahi kuonja pande zote mbili katika mashindano mamoja. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, kisha akawa kedi. Mwaka 2009, katika mashindano ya Texas Open, alicheza mwenyewe na pia akambebea mfuko Jesper Parnevik. Mchujo hakuupita.

Waliotoka kwenye mfuko

Historia hata hivyo haiwaruhusu wenye dharau kufurahi. Mashindano ya kwanza ya The Open yalifanyika Prestwick, Scotland, mwaka 1860, na aliyeshinda, Willie Park, alikuwa ameanza kama kedi. Mwaka 1913 kijana wa miaka 20, Francis Ouimet, aliyewahi kubeba mifuko katika klabu iliyo mkabala na kwao, alishinda US Open papo hapo mbele ya Waingereza wawili waliotajika, Harry Vardon na Ted Ray.

Mwaka 1927 katika klabu ya Glen Garden, Texas, makedi walishindana wao kwa wao. Byron Nelson alimshinda Ben Hogan kwa mkwaju mmoja. Vijana hao wawili wakaja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa karne nzima. Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alikuwa kedi kijijini kwao Pedreña na alijifunza kupiga mpira ufukweni kwa fimbo moja. Ángel Cabrera wa Argentina, kedi wa Córdoba tangu utotoni, alitwaa US Open 2007 na Masters 2009. Hapa Kenya, Dismas Indiza alianzia kubeba mifuko Mumias kabla ya kuwa mmoja wa wachezaji wetu wa kulipwa wanaojulikana zaidi.

Waliofungiwa mlango

Wako pia waliokuwa na uwezo lakini mlango ulifungwa. Charlie Sifford, Mmarekani mweusi aliyeanza kama kedi North Carolina, hakuweza kuwa mwanachama wa chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kwa sababu katiba yake iliruhusu wazungu tu. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1961, Sifford akikaribia miaka 40. Hata hivyo alishinda mwaka 1967 na tena 1969.

Afrika Kusini alikuwako Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa, kedi wa asili ya Kihindi kutoka Durban aliyeshika fimbo mikono ikiwa kinyume na wenzake. Alishinda Dutch Open mwaka 1959. Aliposhinda Natal Open mwaka 1963, alipokea kombe nje kwenye mvua, kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani pamoja na wazungu. Miaka miwili baadaye alishinda tena, akimwacha nyuma Gary Player. Halafu serikali ikamzuia kucheza.

Na vijana wetu?

Kenya Open ilianza mwaka 1967, na hadi mashindano ya 2025 hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda. Tusijidanganye kwamba kila kedi ni bingwa aliyefichwa. Wengi hawatafika, kama vile wengi wa wacheza kandanda wa mtaani hawatafika Ulaya. Lakini hatuwezi kumpima mtu aliyenyimwa kipimo. Hendikapu rasmi hupatikana kupitia klabu, na kedi si mwanachama. Seti ya fimbo ni ghali. Uwanja uko mbele yake siku nzima, lakini yuko pale kuutembea, si kuucheza.

Dawa haihitaji mabilioni. Klabu nyingi duniani zina desturi ya kuwaachia makedi uwanja siku moja ya juma, hasa Jumatatu. Siku hiyo iheshimiwe, na alama zao zihesabiwe na kuandikwa, ili kila kedi awe na hendikapu inayotambulika. Wanachama wanaobadilisha fimbo wazitoe zile za zamani. Makedi wa Diani wapelekwe Vipingo na wa Vipingo wapelekwe Diani, maana anayecheza uwanja mmoja tu hajajijua.

Na kedi naye ana wajibu: ahesabu kila mkwaju kwa uaminifu, hata ule ambao hakuna aliyeuona. Akiandika raundi 20 za namna hiyo, hatahitaji mabishano ya barazani. Karatasi itamwambia yuko mbali kiasi gani, na itawaambia wenye klabu pia.