Kabla ya Jasho Letu

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Karura bado imejifunika ukungu. Tuko kama ishirini hivi kwenye duara, kocha anahesabu pushapu. Nikifika ya kumi na tano mikono inatetemeka. Ningekuwa peke yangu ningejilaza kwa nyasi. Lakini kando yangu kuna mama wa umri wa shosho yangu, na yeye hajasimama. Naendelea.

Hiyo ndiyo faida ya kupiga tizi kikundi: aibu kidogo, kicheko kingi, na mtu wa kukupigia simu usipoonekana. Ada ya jimu ilinishinda. Hapa nalipa kiingilio na mchango wa kocha, basi.

Kwa muda mrefu nilidhani msitu huu ulikuwepo tu, kama mvua. Kumbe ulinusurika. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge. Mwaka 1998, Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kuingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi kupanda miti, wakavamiwa na wanaume wenye mapanga na marungu. Maathai alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuripoti, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimamishwa Uhuru Park. Halikujengwa.

Wakati wa mapumziko nilimsimulia shosho haya yote, nikidhani namfunza kitu. Akanywa maji, akacheka.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwa Nairobi hiyo 1999. Siku ya maandamano matatu zilikwama, nikafika kazini nimechelewa, bosi akanikata siku nzima. Niliwatusi hao wanafunzi mpaka jioni. Nilisema, miti itawapa nini?"

Akanyamaza, akatazama juu mahali matawi yanapokutana.

"Sasa daktari ameniambia presha yangu imeshuka. Na sijui hata mmoja wao niende nimwambie pole."

Kocha akapiga filimbi. Shosho akajifunga leso kiunoni upya, akarudi kwenye duara kabla yangu.